Salamu Kwanza, Ova

Nilipostaafu, vijana wa ofisi ya Kitengela walininunulia saa ya ukutani, kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji kujua saa kuliko wao wanaochelewa kila Jumatatu. Nawashukuru. Lakini wiki yangu ya mwisho kazini niliwaona wawili kati yao, meza zao zimegusana kabisa, wakiandikiana barua pepe kuhusu aliyemaliza sukari ya ofisi. Wakaniingiza na mimi kwenye barua hiyo, na mkubwa wetu pia, na mtu fulani wa Nairobi ambaye mpaka leo hajui kwa nini aliletewa habari za sukari. Nikaona si vizuri niondoke kabla sijawaandikia machache juu ya kuchagua chombo cha kupelekea ujumbe. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, na ni kazi ambayo watu hudhani haina ufundi.

Habari za vyeo nitaziruka. Nilivipata vichache, na vyote vilichelewa.

Niliajiriwa Kajiado na mradi wa maji uliokuwa na visima vya pampu sehemu nyingi za wilaya, kuanzia upande wa Namanga hadi kule bondeni kuelekea Magadi. Mimi ni Mluhya, mtu wa mvua na ndizi, na nilikuwa sijawahi kufika mahali penye ng'ombe wengi kuliko watu. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino na kubeba cheti changu cha kupiga taipu. Nikakabidhiwa kwa mzee mmoja tuliyemwita Sajini, aliyekuwa amestaafu kitengo cha mawasiliano jeshini na bado alipiga shati pasi kana kwamba litakaguliwa. Alikitazama cheti changu, akakiweka chini ya kikombe chake cha chai, kisha akanionyesha redio koli.

Kwa ninyi ambao hamkuiona, lilikuwa sanduku la kijivu lenye kipaza sauti cha kushika mkononi. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia, na huwezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Sajini alisema kitufe kama hicho kingewekwa kwenye ndoa nyingi. Ukimaliza kusema unatamka "ova" ili mwenzako ajue zamu yake imefika. Kila kisima kilikuwa na redio yake, inayotumia betri iliyochajiwa kwa sola, na kila asubuhi tuliviita vituo kimoja kimoja. Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba ulipoongea na kituo kimoja, vituo vingine vyote vilisikia. Sajini alinipa somo hilo kwa sentensi moja.

"Madam, hii redio ni kama choo ya soko," aliniambia. "Kile unafanya ndani, wale wako kwa laini wanajua."

Akaniambia pia kwamba mtu akitaka kutuma ujumbe asiulize kwanza ni chombo gani kina kasi. Aulize ni nani mwingine atasikia, na yule anayepokea atakuwa ameketi na nani. Baada ya hapo achague: redio, simu, barua ya kumpa dereva wa basi, au miguu yake mwenyewe. Sajini alistaafu mwaka wangu wa pili, akaniachia kiti, redio, na cheti changu chenye duara la chai.

Sasa niwaambie kuhusu Parsaloi. Alikuwa mtu wa pampu wa kile kituo cha bondeni, mwanamume mrefu wa makamo, mpole, mwenye injini safi kuliko sufuria zangu. Aliniita Mama Redio. Kwa watu wake, habari haziangushwi tu mlangoni. Watu wawili wakikutana husalimiana kwanza, kisha huulizana habari za njiani, za mvua, za nyasi, za mifugo, za watoto, na anayesikiliza huitikia "ee" kila baada ya maneno machache ili msemaji ajue hajaachwa peke yake. Jambo lenyewe huja mwisho, likiwa limeandaliwa kiti. Ni desturi nzuri sana. Ila haikutengenezewa kitufe.

Kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa hivi, yeye akianza na salamu yao kwa mwanamke, mimi nikiitikia. Takwenya, Mama Redio, ova. Iko, Parsaloi, ova. Mvua imenyesha huko, ova. Bado, ova. Ee, ova. Watoto walilala vizuri, ova. Walilala, ova. Ee, ova. Tukifika kwenye mafuta ya dizeli, betri yake ilikuwa inakoroma, na yule opareta wa Namanga, kijana wa mjini asiye na subira, alikuwa anajipenyeza katikati kuuliza kama arusi inaendelea au imekwisha. Mimi nilizoea. Hata nilianza kumuuliza Parsaloi habari za ndama mmoja aliyezaliwa kipofu, na vituo vyote vikawa vinamfuatilia ndama huyo. Alipokufa, Namanga yenyewe ilituma pole.

Kisha akaja Injinia Karanja. Alikuwa kijana kutoka Murang'a, alikuwa amepanga nyumba Ngong, na alifika ofisini kabla ya mfagizi. Sitamdharau hata kidogo, maana alikuwa mchapakazi na betri zile zilikuwa zinakufa kweli. Siku moja kituo kimoja kilipasuka tangi, na mtu wake akashindwa kutuita kwa sababu sisi tulikuwa tunaulizana habari za nyasi. Injinia akakasirika, na alikuwa na haki. Akabandika ukutani utaratibu mpya wa mawasiliano. Mambo ya haraka yatapita kwenye redio, kwa sentensi chache, bila salamu. Maelezo na sababu zitafuata kwa barua. Mambo ya siri ni ya simu. Michoro na hesabu ni za faksi, kwa kuwa tulikuwa tumenunua mashine mpya ya faksi na ilikuwa lazima ipewe kitu cha kufanya.

Hiyo faksi ilituunganisha na karakana yetu ya Kitengela. Tulituma karatasi, kisha tukawapigia simu kuuliza kama imefika, wakasema imefika lakini haisomeki, basi tukampa dereva ile karatasi aipeleke. Injinia aliita hiyo hatua ya mpito.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Mradi ulikuwa unaleta injini mpya, na Injinia alimchagua Parsaloi awe wa kwanza kwenda kufundishwa Kitengela, kwa sababu ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Ilikuwa heshima. Fundi mmoja angeshika pampu wakati yeye hayupo. Asubuhi hiyo Injinia alichukua kipaza sauti mwenyewe, anionyeshe jinsi ujumbe unavyotakiwa kuwa.

"Kituo cha bondeni, sikiliza," alisema. "Leo saa sita zima pampu. Fundi anakuja, mpatie funguo. Wewe ufike Kajiado Ijumaa. Ova."

Palikuwa kimya mpaka nikadhani betri imekufa. Halafu Parsaloi akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nimesikia. Ova."

Injinia alirudisha kipaza sauti mahali pake, akaniambia nitazame, hata chai yangu haijapoa. Nilimwambia Parsaloi hajasalimiwa. Akanijibu kwa upole kwamba salamu zitakuwa kwenye barua.

Siku hiyo hiyo fundi alivunjikiwa na springi ya gari katikati ya pori, akawa hafiki wala harudi. Keshokutwa yake, nilipofungua redio, opareta wa Namanga aliniuliza kama ni kweli tumemfuta Parsaloi. Kabla sijajibu, kituo kingine kikatoa pole. Cha tatu kikauliza kwa adabu kama nafasi yake imeshajazwa, kwa kuwa kulikuwa na shemeji asiye na kazi. Injinia alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe mkononi, akaniuliza ni nani aliyefutwa kazi. Nikamwambia inavyoonekana ni wewe uliyemfuta, juzi, mbele ya wilaya nzima.

Saa nne wakaingia wazee watatu wa bondeni, mashuka mabegani na fimbo mikononi, wamesafiri tangu jana yake. Wakaketi kwenye benchi la baraza. Injinia akatoka mbio kuwauliza shida ni gani. Mkubwa wao akamsalimia kwa lugha yao, sopa. Injinia akasema sopa, shida ni gani. Wazee wakatazamana, kisha mkubwa akaanza upya, sopa. Mara ya tatu nilimvuta Injinia shati, nikamketisha kwenye kiti, nikamwambia aitikie mpaka wachoke wao. Aliitikia. Aliulizwa habari za safari ingawa wao ndio waliosafiri. Goti lake lilikuwa linatikisika muda wote huo kama injini isiyofungwa nati.

Hatimaye mzee akafika kwenye jambo.

"Huyu Parsaloi alikosa nini?" aliuliza. "Hata mbwa, mtu akitaka kuifukuza, anaiita jina kwanza. Wewe uliita kituo."

Injinia aliapa kwamba hakumfukuza mtu. Mzee akamweleza, bila hasira, kwamba kwao mtu anayekujia bila salamu ana mambo mawili tu: amekuletea kifo, au amekukata. Parsaloi alisubiri kusikia ni nani amekufa. Hakuna aliyekufa, basi akajua amekatwa. Alikuwa amezima pampu saa sita kama alivyoambiwa. Redio nayo ameizima, kwa sababu si mali yake tena. Funguo amezitundika kwenye msumari, na hatazigusa, wala hakuna mtu mwingine wa kuzigusa, maana hawajui ile injini. Ng'ombe wameanza kufika kutoka pande zote, na mabirika ni makavu.

Hapo Injinia alibadilika rangi. Kiangazi kile ng'ombe wangeweza kusubiri siku moja zaidi, labda. Wazee walisema waliokuja wamedhoofika hawawezi kutembea mpaka kisima kingine. Alikimbilia redio, akaita kituo cha bondeni kwa jina la Parsaloi, kwa habari ya asubuhi, kwa tafadhali. Redio ikanguruma tu. Nilimwona anainua macho kwenye ule utaratibu wake ukutani, akitafuta mahali panapohusu kumwambia mtu kwamba hukumfukuza. Pembeni yake faksi ilitoa mlio na kutema karatasi. Ilikuwa ya Kitengela, wakiuliza kama faksi yao ya jana ilifika.

Akawaomba wazee wampelekee Parsaloi ujumbe, atawapa gari. Mkubwa wao akafikiri, akasema wanaweza kubeba ujumbe wa mtu yeyote, lakini tusi hubebwa na mwenyewe.

Tukaenda sote na dereva, wazee mbele na Injinia, mimi nyuma ya Landrova na pipa la dizeli, nikiwa nimeshavua visigino miaka mingi iliyopita. Kule bonde linapoteremka kuelekea Magadi joto hupanda mpaka chuma kinachoma. Tuliwasikia ng'ombe kabla ya kuwaona. Walikuwa wamejazana wakilia kandokando ya mabirika, na wanawake walikuwa wamemwingiza mtoto ndani ya tangi akwangue matope ya chini kwa bakuli, wapate cha kuwapa ndama. Parsaloi alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba ya pampu, amevaa koti lake la kanisani, blanketi limefungwa kwa kamba kando yake. Funguo zilining'inia juu ya kichwa chake.

Injinia aliruka chini gari halijasimama sawasawa. Akamwambia awashe pampu, hakufutwa, ni makosa, awashe. Parsaloi alitazama ardhi. Mzee akamgusa Injinia bega kwa fimbo, akamwonyesha jerikeni tupu. Injinia alitazama ng'ombe, akatazama funguo, akaketi juu ya jerikeni.

"Sopa, Parsaloi," alisema.

"Ipa," Parsaloi akajibu.

Sijawahi kusikia salamu ngumu kama zile. Ng'ombe wanalia, wenye ng'ombe wamesimama wanasubiri, na hao wawili wanaulizana habari za njia. Parsaloi aliuliza kama kwao Murang'a mvua imenyesha. Imenyesha kidogo. Ee. Nyasi ziko? Ziko. Ee. Ng'ombe ni wazima? Injinia akasema ni mzima. Parsaloi akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Ni moja?"

"Ni moja tu. Iko kwa boma, inaletewa majani."

Wazee walinong'onezana kwa huruma. Mmoja alimwambia pole sana, kwa moyo wote, kama anavyoambiwa mtu aliyeunguliwa na nyumba. Mimi nilijifunika uso kwa leso nisionekane nikicheka. Parsaloi akauliza ni nani anayemkamua huyo mmoja. Injinia akasema ni mama yake. Mama ni mzima?

Injinia alichezea kifuniko cha jerikeni.

"Mama ni mgonjwa," alisema. "Mwaka wote huu. Sasa ni jirani anakamua. Mimi sijaenda kumuona tangu nikuje hapa, kwa sababu ya kazi."

Nilikuwa nimekaa naye chumba kimoja mwaka mzima na sikulijua hilo. Hakuna aliyelijua. Wala mimi sikuwa nimemuuliza, maana salamu zilikuwa zimepigwa marufuku na nilimchukia kidogo kwa ajili hiyo.

Parsaloi alisimama, akatungua funguo, akaingia ndani. Tukasikia anazungusha hendeli mara mbili tatu, kisha injini ikakohoa na kushika, na bomba likaanza kutapika maji yenye kutu ndani ya birika la kwanza. Ng'ombe walisukumana hata mzee mmoja akapoteza kiatu. Parsaloi akarudi akijifuta mikono kwa kitambaa, akaketi pale pale alipokuwa ameketi.

"Ee," alimwambia Injinia. "Mama ni mgonjwa."

Wakaendelea mpaka jua likawa linaelekea kuzama, na hapo ndipo Parsaloi alipoambiwa habari za mafunzo ya Kitengela. Alikwenda na akafaulu, ingawa alilalamika kwamba huko watu wanapishana mlangoni bila kuonana. Injinia naye aliomba likizo wiki iliyofuata, akaenda Murang'a. Aliporudi alinunulia vituo vyote betri ya pili, na juu ya utaratibu ule ukutani akaandika kwa kalamu nyekundu: salamu kwanza. Namanga walipinga. Hawakusikilizwa.

Miaka ya elfu mbili ilituletea simu za mkononi. Nami nilijifunza kuandika esemesi kwa kidole kimoja, na Injinia, ambaye sasa alikuwa na mvi, alipenda kwenda kukagua kituo cha bondeni hata pasipo na cha kukagua. Kule mtandao haukufika. Siku moja yuko huko, simu yangu ililia. Ilikuwa ni esemesi ya ndugu yake: Mama amepumzika asubuhi hii, Karanja hapatikani, tafadhali mwambieni.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Karani mmoja msichana, mwenye nia njema kabisa, aliniambia niipeleke tu kwenye simu ya Injinia, ataikuta akirudi barabarani akishika mtandao. Nikawaza: ataikuta peke yake, mkono mmoja kwenye usukani. Na redio ilikuwa pale mezani, na vituo vyote vikisikiliza.

Nikamwita Parsaloi. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyasi, na yeye kama kawaida akauliza za upande wangu.

"Huku habari iko, ova," nilimwambia. "Nakuja nayo mwenyewe, ova."

"Ee," alisema. "Yule mgeni wangu hataondoka. Ova."

Hata yule wa Namanga hakuingilia.

Nilifika alasiri na dereva. Parsaloi alikuwa amefungua pampu nzima, pampu iliyokuwa haina kasoro yoyote, akaitandaza vipande vipande juu ya gunia, na Injinia alikuwa amepiga magoti katikati, mikono imejaa grisi, akigomba kwamba hakuna kilichoharibika. Aliponiona nashuka garini, alinyamaza. Katika miaka yote ile sikuwahi kufunga safari kwenda bondeni bila kuitwa.

Alisimama, akajifuta mikono polepole kwa kitambaa alichopewa na Parsaloi. Kisha akanisalimia. Akaniuliza habari za njia, nikamwambia ni njema. Akauliza kama huko tulikotoka mvua imenyesha. Akauliza watoto wangu, mmoja mmoja kwa majina, na watu wa ofisini, na karakana ya Kitengela, na nilipojibu kila moja Parsaloi aliitikia "ee" kwa niaba yake, kwa sababu sauti ya Injinia ilikuwa imeanza kukatika. Hakubakiza kitu cha kuuliza. Aliuliza hata faksi.

Halafu akauliza habari za kwao nyumbani, na nikamwambia.